Moto Uimbao, na Deni la Ajuaye

Nataka kwanza kuwasimulia habari ya kitu cha ajabu, kisha niwaulize swali ambalo kitu hicho kililileta mlangoni pangu, nami sikuwa tayari kulijibu.

Hewa kavu huuzuia umeme usipite. Lakini kizuizi hicho kina mpaka wake: kadiri ya volti 3,000 kwa kila milimita moja, ndipo hewa hushindwa. Basi zikiwekwa ncha mbili za chuma karibu karibu, nazo zikapewa umeme wenye nguvu ipasayo, cheche huruka, na nyuma ya cheche hufuata ulimi wa moto uliopinda mfano wa upinde, wa rangi ya zambarau. Moto huo haupati kuni wala mafuta. Ni hewa yenyewe iliyopashwa joto la digrii maelfu hata ikageuka kuwa kitu kingine, ambacho wataalamu hukiita plazma, nacho hupitisha umeme. Sasa ukiupandisha na kuushusha umeme huo kwa kufuata sauti ya mtu au ya zeze, moto nao hutanuka na kunywea kwa kadiri ile ile, huisukuma hewa iliyouzunguka na kuivuta, na masikio yako husikia wimbo. Hapana ngozi ya ngoma, hapana karatasi itikisikayo kama iliyomo katika spika ya redio. Moto wenyewe huimba. Sauti nyembamba hutoka safi mno. Sauti nene hutoka dhaifu, kwa sababu ulimi mdogo namna ile hauwezi kusukuma hewa nyingi.

Watu wengine hudhani kwamba jambo hili ni la juzi. Sivyo. Mwaka 1898 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Theodor Simon, alitambua kwamba taa ya tao la umeme hutoa sauti umeme wake ukichezeshwa, na baada yake Mwingereza William Duddell akaenda mbali zaidi. Siku hizo njia za mji wa London ziliwashwa taa za namna hiyo, zenye vijiti viwili vya kaboni na moto kati yake, nazo zilikuwa na kelele: mara huvuma kama nyuki, mara hulia kama nyoka aliyekanyagwa. Duddell alikuwa akiuchunguza moto huo. Akaufungia koili na kapasita kando yake, na moto ukapiga mluzi wa sauti moja thabiti. Akibadili vipimo, sauti hubadilika. Basi akatengeneza vibonyezo kama vya kinanda, na mwaka 1900 aliwapigia wahandisi wenzake nyimbo kwa moto wa taa. Napenda sana habari hii. Mtu alikuwa akichunguza kelele iliyowaudhi watu, akaondoka na kinanda.

Wala haikuishia katika mchezo. Valdemar Poulsen wa Denmark aliliendeleza tao lile la Duddell, naye akapata chombo cha kupeleka habari angani pasipo waya, kabla ya redio tuzijuazo. Katika miaka ya 1950 spika za namna hii, zilizobuniwa na Siegfried Klein wa Ufaransa, ziliuzwa madukani. Baadaye Mmarekani Alan Hill alitengeneza nyingine, nayo ilihitaji mtungi wa gesi ya heli, maana moto huo ukiwaka katika hewa tupu huzaa ozoni, nayo ozoni huchoma mapafu. Yote hayo nayataja ili msomaji asidhani kwamba kijana atakaye kujenga kitu hiki ni mpumbavu. Anafuata njia waliyoipita watu wenye akili.

Sasa niseme habari ya kijana wangu.

Alikuwa wa kidato cha tatu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa alama za kulehemu waya. Alikuja kwangu jioni moja na kipande cha karatasi chenye mchoro, alichokinakili kutoka katika simu ya ndugu yake. Alikuwa ameng'oa kutoka katika runinga kuukuu kile kikoili cheusi ambacho mafundi hukiita flaibaki, kinachozaa volti maelfu kwa ajili ya kioo cha mbele. Alikuwa na betri ya volti 12 na transista mbili. "Mwalimu," akaniambia, "nataka kuufanya moto uimbe. Naomba unitazamie kama nimepatia."

Nalikitazama kile kikaratasi. Nalikuwa nimechoka, tena naliogopa. Nikamwambia, "Achana na hayo, mwanangu. Utakufa." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaikunja karatasi yake, akaenda zake. Nami nikalala usingizi mzuri, nikidhani nimetimiza wajibu wangu.

Siku ya nne mama yake alikuja. Akaamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitika, nikamkaribisha, lakini hakuketi. Akaniambia kwamba mtoto yuko zahanati. Alikuwa amekiwasha kile chombo usiku, nyuma ya jiko, na moto ulipofifia aliusogeza kwa vidole pasipo kuuzima. Umeme ulimtoboa kidole cha shahada tundu dogo jeupe, lisilotoa damu, lililoungua hata ndani. Dada yake mdogo alikuwa amesimama ubavuni pake akimshikia tochi.

"Mwanangu aniambia alikuja kwako kwanza," akasema yule mama.

"Ndiyo, alikuja."

"Basi ulijua?"

Nikamjibu kwamba nalimkataza. Akanitazama kitambo, kisha akasema kwa upole, nao upole ule ulinichoma kuliko ukali: "Kumkataza, hata mimi nalimkataza, nami sijui kitu. Wewe wajua."

Hilo ndilo swali, wasomaji. Mtu ajuaye hatari ya jambo ana deni gani kwa asiyejua? Je, alifiche jambo lenyewe, ili mwenziwe asiingie? Au amfundishe, naye akiumia lawama imrudie mwalimu? Naliwauliza walimu wenzangu, na wengi walinituliza wakisema kwamba nalifanya sawa, maana mwenye kukataza hana hatia. Jibu lao lilinipendeza kwa muda wa siku mbili hivi. Kisha nikaanza kuona tundu lililomo.

Kukataza kwangu kulimwambia nini yule kijana? Kulimwambia kwamba wazee huogopa, basi. Na hilo alikuwa analijua tangu zamani. Hakukumwambia kwa nini. Yeye alikuwa ameshika ncha zote mbili za betri ya gari mara nyingi kwa mikono mikavu wala hakusikia kitu, akakata shauri kwamba volti 12 hazidhuru mtu. Ni kweli, hazimdhuru aishikaye betri. Lakini zikipita katika kikoili kile hutoka maelfu. Tena hakujua kwamba umeme utetemekao upesi upesi namna ile huweza kuichoma nyama ya ndani hata kabla mtu hajapata maumivu ya kumwonya. Mambo hayo mimi nalikuwa nayo kichwani, jioni ile, alipokuwa amesimama mbele yangu. Maneno yangu mawili yalimtuma akayatafute kwa kidole chake.

Hapo nikakumbuka habari mbili za watu wa kale. Ya kwanza ni ya Benjamin Franklin wa Philadelphia. Tarehe 23 Desemba 1750 alitaka kumwua bata mzinga kwa umeme, akiwa ameukusanya katika mitungi miwili mikubwa ya kioo. Watu waliomzunguka walikuwa wakizungumza, naye akasahau. Akaushika umeme wote kwa mikono yake mwenyewe. Waliokuwapo walisema mwanga ulikuwa mkubwa na mlio kama wa bunduki, lakini yeye hakuona wala hakusikia kitu. Siku mbili baadaye alimwandikia ndugu yake habari hii. Akampa ruhusa ya kumwonyesha rafiki mmoja iwe onyo kwake, ila akamwomba asiitangaze zaidi, kwa kuwa aliona haya kwa kosa kubwa namna ile.

Tazama jinsi haya inavyofanya kazi. Franklin alikuwa mtu mwema, naye alimwonya mmoja. Lakini wangapi wengine walikuwa wakicheza na mitungi kama ile, ambao hawakuwa rafiki wa ndugu yake? Mara nyingi tunalolificha silo jambo la hatari lenyewe, bali ni aibu yetu. Mimi nami, nilipomwambia kijana "utakufa", sikumwambia kwamba mwaka wa kwanza wa ualimu wangu nalipigwa na umeme wa kapasita ya redio iliyokuwa imezimwa, nikatupwa juu ya meza mbele ya wanafunzi. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu Mwalimu hapaswi kutupwa juu ya meza.

Habari ya pili ni ya Georg Richmann wa mji wa St Petersburg, Urusi. Huyu alikuwa ameuingiza nyumbani kwake umeme wa mawingu kwa chuma kilichotoka darini. Wala hakukipa njia ya kushukia ardhini, maana alitaka kuupima. Mwaka 1753 alisikia ngurumo, akakimbia nyumbani kutazama kipimo chake, pamoja na fundi wa kuchora picha. Alipoinama karibu, tufe la moto lilikiruka chuma likampiga usoni, akafa papo hapo. Fundi yule alitupwa chini, naye akapona. Rafiki yake Richmann, mtaalamu Lomonosov, alimwandikia mkubwa mmoja barua siku hiyo hiyo, akiomba mambo mawili: mjane na watoto wasiachwe, na kifo hiki kisitumiwe kuwa hoja ya kuyazuia maarifa. Mtu amempoteza rafiki, na siku ile ile anayatetea mambo yaliyomwua. Wengine wataona ni ugumu wa moyo. Mimi naona alijua kwamba wapo watakaosema "afadhali tusijue", na kwamba mawingu yataendelea kupiga nyumba za watu wasiojua.

Lakini sitaki kukimbilia upande wa pili pasipo kuutazama vema. Yuko mtu atakayesema: basi na kila atakaye na apewe, mwili ni wake, akifa amekufa kwa hiari yake. Katika mambo mengine huenda neno hilo lina nguvu. Katika umeme ni uongo. Mtu akianguka shimoni, amwonaye husimama ukingoni akatafuta kamba. Mtu akishikwa na umeme, ampendaye humrukia amvute, na umeme humpitia yeye naye. Hatari ya umeme humfuata mwenye huruma. Mwenye kucheza nao peke yake nyuma ya jiko hachezi na mwili wake tu. Anacheza na wa mtu wa kwanza atakayesikia kilio chake, na kwa kawaida huyo ni mama, au ni mtoto aliyeshika tochi. Mchoraji wa Richmann hakuwa ameutamani umeme wa mawingu. Aliitwa aje achore.

Tena yapo mambo ambayo hata mimi, baada ya kugeuka moyo, nayakataa mpaka leo. Katika jiko la maikrowevu imo transfoma nzito itoayo kadiri ya volti 2,000, nayo haina uchovu kama kikoili cha runinga. Inao umeme wa kutosha kuwaua watu wengi mmoja baada ya mmoja. Huko Marekani na kwingineko wako watu waliozing'oa transfoma hizo ili kuchoma michoro mfano wa matawi juu ya mbao, na wengi wamekufa, baadhi yao mafundi wa miaka mingi. Chama cha wakereza mbao, American Association of Woodturners, kimepiga marufuku kazi hiyo katika mikutano yake, na gazeti lake halichapi maelekezo yake. Lakini angalia: chama hicho hakikunyamaza. Kinautangazia ulimwengu kwamba watu wanakufa, na kwa nini wanakufa. Kimeficha njia, kimefunua sababu. Mimi nalifanya kinyume chake: sikuficha njia, maana kijana alikuwa nayo mkononi kwenye karatasi, nalificha sababu.

Basi nimekuja kufikiri kwamba swali la kwanza la kuuliza juu ya jambo la hatari ni hili: je, linasamehe? Kisu humkata mwanafunzi wa upishi, naye kesho hushika vizuri zaidi. Baiskeli humwangusha mtoto. Vitu hivyo husamehe kosa la kwanza, na kosa hilo huwa mwalimu. Transfoma ya maikrowevu haisamehi. Hakuna kesho ya kushika vizuri zaidi. Hapo sharti mwalimu aseme hapana, na aseme hapana pamoja na sababu zake zote, hata kama itamchukua jioni nzima. Kikoili cha runinga kwa betri ndogo kiko katikati. Chaweza kuua, hasa mwenye moyo dhaifu au mwenye chombo cha kuupigisha moyo mapigo kifuani, lakini mara nyingi huonya kwanza. Cha namna hiyo hufundishwa kwa sharti moja, kwamba mwalimu awepo. Maarifa ya hatari yapelekwayo kwa karatasi tu, au kwa simu, ni kama kumpa mtu ramani ya mto wenye mamba pasipo kumwambia mamba hulala wapi. Yaliyomo katika karatasi yote ni kweli, na bado mtu huliwa.

Kidole kilichukua majuma matatu kupona. Kijana aliporudi shuleni nalimwita, nikamwomba radhi. Hakujua atazame wapi. Nikamsimulia habari ya redio na meza, akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukakubaliana kukijenga upya chombo kile, pamoja, mchana, katika chumba chenye madirisha mawili wazi kwa ajili ya ile ozoni.

Kazi ilituchukua siku sita, na nyingi katika hizo hazikuwa za umeme bali za mbao. Ncha mbili tulizikaza juu ya ubao mkavu zisiweze kusogezwa kwa mkono wakati wowote. Upana kati yake hurekebishwa chombo kikiwa kimezimwa tu. Tuliufunika moto kwa mtungi mpana wa kioo wenye matundu juu, ili mtu asiuguse hata akijikwaa. Betri tuliiwekea fyuzi. Swichi tuliiweka umbali wa hatua mbili, ya namna ambayo lazima kuibonyeza na kuishikilia: mkono ukiondoka, moto unakufa. Mkono wa pili ukae mfukoni au nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua kutoka mkono hata mkono. Nalimfundisha kwamba ile swichi ya kujikata yenyewe iliyomo katika nyumba nyingi siku hizi, ikatayo umeme ukivuja kadiri ya miliampea 30, haimwoni mtu aliyeshikwa upande wa pili wa transfoma; kwake yeye mambo yote ni salama. Hapana asikilizaye kwa vipokea sauti vya masikioni vilivyofungwa katika waya za chombo. Hapana autazamaye moto kwa muda mrefu pasipo miwani ya mchomeleaji. Na yuko mtu wa pili daima, ambaye kazi yake ni moja tu, kukaa kando ya betri na kujua jinsi ya kuikata. Akimwona mwenzake ameshikwa, hamgusi, anakata kwanza.

Kijana aliniuliza, "Mwalimu, na tukiisha kuzima?" Ndipo nilipojua kwamba ile habari ya meza ilikuwa imemwingia. Tukatengeneza fimbo ya plastiki ndefu, yenye waya mwishoni wa kwenda ardhini. Chombo kikizimwa, betri inaondolewa, mtu anahesabu hata 60, anagusa kila ncha kwa fimbo, anahesabu tena, anagusa tena. Kwa kapasita kubwa hata hivyo vyaweza visitoshe, lakini zetu zilikuwa ndogo.

Nalimwalika mama yake aje aone. Sikuwa na hakika kama atakuja. Alikuja na yule binti mdogo, wakasimama mlangoni. Nikakaa kando ya betri. Kijana akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akabonyeza. Ulimi wa zambarau ukasimama ndani ya kioo, ukanguruma kidogo, kisha tukasikia, nyembamba kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto, kwaya ikiimba kutoka katika ile redio ndogo tuliyoifunga. Binti akacheka kwa sauti. Mama yake aliweka mkono mdomoni, akasikiliza hata ubeti ukaisha.

Moto ulipozimika alitaka kusogea atazame ndani ya kioo, akapiga hatua moja. "Hapo hapo, mama," akasema kijana pasipo kugeuka, mkono wake wenye kovu umeinuliwa. "Sijahesabu bado." Mama akasimama. Nami nikaondoa betri, na sote wanne tukanyamaza, tukimsikiliza akihesabu.